Iliki ya Bibi Apolonia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tekla alifagia uwanja wao pale Mlabani mpaka ikabaki michirizi ya ufagio tu. Majirani walimsifu, naye, tusifichane, sifa alizipenda.

Bibi yake Apolonia alipokwenda Mahenge kumwuguza dada yake, alimkabidhi Tekla iliki iliyokuwa nyuma ya jiko, chini ya migomba. Mbegu yake bibi aliipata kwa marehemu mama yake mzazi.

"Nyingine zote zimekufa, mjukuu wangu. Imebaki hii moja. Itunze," alisema, akapanda lori.

Tekla akajifunga kibwebwe. Kwani hakupalilia mpunga wa baba yake kule Michenga? Mpunga hutaka jua na shamba safi. Basi akakata majani ya migomba ili jua liingie, akafagia majani makavu yote shinani, akayatupa jalalani. Pakapendeza!

Iliki yenyewe haikupendezwa. Majani yake yakageuka manjano, ncha zikakauka. Tekla akafagia zaidi. Akamwagilia maji. Iliki ikazidi kusinyaa.

"Mbona mpunga haufanyi hivi?" alijiuliza, kichwa kikimzunguka.

Mama yake alipouliza habari za iliki, alijibu, "Haijambo, mama." Ukweli alimwambia rafiki yake Serafina tu.

"Bibi akirudi, sema imeliwa na mbuzi," Serafina alimshauri.

"Mbuzi gani? Sisi hatuna mbuzi."

"Wa jirani!"

Hatimaye bibi akarudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Iliki yangu haijambo?"

Mbuzi wa jirani alifika kwenye ncha ya ulimi. Tekla akammeza.

"Bibi, nadhani nimeiua, na mama nimemwambia haijambo. Nimeihudumia kila siku, wala sijui nimekosa wapi!" Akaangua kilio.

Bibi akaenda nyuma ya jiko. Akatazama migomba iliyonyolewa na ardhi iliyong'aa kwa usafi. Akachuchumaa, akafukua kidogo kwa vidole. Mzizi ulikuwa bado mbichi, na ubavuni mwake kulikuwa na kichipukizi.

"Bado i hai," alisema, akashusha pumzi. "Huu ni mmea wa msituni, Tekla. Msituni nani anafagia? Kivuli ni nyumba yake, majani yaliyooza ni chakula chake. Umeinyima vyote viwili."

Tekla akageuka kutazama jalalani.

"Mimi nami nimekosa, sikukueleza. Lakini ulipoona inaugua, ulificha, na mama yako wa kumwuliza yupo hapa hapa. Bidii bila kuuliza ni kutwanga maji kwenye kinu. Leo umesema kweli, ndiyo maana tumeiwahi."

Bibi akasimamisha vijiti, akaezeka nyasi juu ya iliki. Tekla akachukua kikapu, akaenda jalalani, akaanza kuokota majani makavu. Serafina alikuwa akipita.

"We Tekla! Unarudisha taka nyumbani?"

"Njoo unisaidie," Tekla alijibu. "Mgonjwa wetu ana njaa."