Ulizihamisha au Ulizinakili?

Kaa vizuri, mjukuu wangu, nikutegee. Chumba hakizidi ukucha, hakina mlango wala dirisha, humo mna watu, nyimbo na harusi nzima, na hawabanani. Ni nini? Usijisumbue. Ni kadi ya kumbukumbu, ile inayochomekwa kwenye simu.

Kila asubuhi Chiriku alimlisha mdogo wake huku simu ya baba ikitoa sauti ya marehemu mama yao: "Kula, baba, kula ukue." Mama alifariki mtoto hajaanza kutambaa. Sauti ile ndiyo mama pekee aliyemjua.

Siku moja simu ikagoma, imejaa. Shuleni Chiriku alikuwa amefundishwa kuwa data hukaa kwenye diski, kwenye flashi, kwenye kadi, hata mtandaoni. Akazihamishia sauti zote kwenye flashi, akaifungia kabatini. Ndiyo desturi ya nyumba yao: kitu cha thamani kina mahali pamoja tu, na ufunguo mmoja tu. Alipokuja kuichomeka tena kwenye kompyuta, kimya. Baba alipouliza, akajibu, "Simu ilizimeza zote, nikaokoa chache tu kwenye flashi hii."

Wakaenda kwa fundi kompyuta. Aliifungua flashi, akaimulika, akashusha pumzi.

"Hii imekata kauli, kaka. Binti, ulizihamisha, au ulizinakili?"

Chiriku, msichana wa kuongea bila kituo, akatazama viatu vyake.

"Simu ndiyo iliyozimeza," baba akamjibia.

"Basi kadi ya simu imeharibika, hatuna letu. Ingekuwa mtu amezihamisha kwa mkono wake, mabaki yangekuwemo bado kwenye kadi, mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Tungeambulia hata kipande." Akamrudishia flashi. "Sikiliza, mwanangu. Diski huanguka. Flashi hufa. Kadi hupotea. Ya mtandaoni nayo hufungwa ukisahau neno la siri. Unachokipenda usikiweke mahali pamoja. Kinakili huku na huku, kisha ukague kama kweli kimo. Na kikiharibika, sema ukweli mapema, maana fundi hatibu ugonjwa aliofichwa."

"Asante, fundi. Yamekwisha," baba alisema. Tangu mazishi, Chiriku hakuwahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile.

Mlangoni, mtoto mgongoni mwa dada yake akaanza kubwabwaja, "Ba-ba-ba." Baba akasimama. Akatoa simu, akaielekeza kwake, akabonyeza kitufe chekundu.

"Sema tena, mzee wangu. Angalau ya kwako isipotee."

Chiriku akaiona ile nukta nyekundu ikiwaka na kuzima. Kila inapowaka, kitu kipya kinaandikwa. Juu ya nini? Baba hajawahi kumpiga. Laiti angekuwa mtu wa kupiga, ingekuwa rahisi zaidi.

Fundi alikuwa ameshainamia kazi nyingine.

"Baba, zima simu," Chiriku alisema. "Nilizihamisha mimi."