Jina la Jaribio

Mzee Hamidi, mtu wa kwanza kukalishwa mbele ya kompyuta siku ile, alisema Gaudens yupo Mnero. Dorotea akadhani macho ya mzee hayaoni vizuri.

Ilikuwa Oktoba 2008, Nachingwea, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya parokia. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa wametengeneza tovuti ya kutafuta ndugu waliopotezana wakati wa vita ya Msumbiji. Kabla ya kuwafungulia watu wote, walitaka kujua kama mkulima ataiweza, wakampa Dorotea, karani wa parokia, kazi ya kuijaribisha. Mkalishe mtu, mpe jina la kutafuta, mwambie aseme kwa sauti kila anachokiona. Hata akikwama usimsaidie. Kaa kimya, andika.

Jina la jaribio alilichagua mwenyewe. Lilitakiwa liwe la mtu asiyekuwemo, ili ukurasa ujibu "Hapatikani". Dorotea aliandika la mwanawe Gaudens, aliyemzika Mnero mwezi wa sita. Alitaka tu kulisikia likitajwa. Nyumbani halikutajwa tena, maana binti yake Doreen akilisikia hulia.

Alipoinama kutazama kioo cha kompyuta, kilisema "Hapatikani". Lakini Tabitha, fundi cherehani kutoka Ruangwa, alisoma kwamba Gaudens ametoka Mnero, anatembea kwa miguu. Chumba kikaanza kunuka sabuni ya mche na udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Dorotea alishika rozari yake mfukoni, akaandika.

Wa tatu alikuwa Bibi Mwamina wa Matambarale, anayejulikana kwa kuwatibu watu wenye majini. Alisoma mstari mmoja, akaondoa mkono kwenye mausi.

"Mwanangu, huyu uliyetupa tumtafute ni mzima?"

Dorotea aliendelea kuandika, kama alivyofundishwa.

"Nakuuliza mimi, siyo hao wa Dar. Ni mzima?"

"Nilimzika, bibi."

Bibi Mwamina alishusha sauti. "Na sisi tangu asubuhi tunamwita kama aliyepotea njia. Anayekuja siye mwanao. Ni jini, limesikia jina halina mwenyewe, limelivaa, na likipokelewa haliingii peke yake. Liambie amekufa. Liambie hapo hapo tulipoliita."

Dorotea akakaa kwenye kiti. Sasa na yeye alikuwa anaona waliyoyaona wenzake. Ukurasa ulimuuliza kama ndugu yake amepatikana, na chini yake palikuwa na vitufe viwili tu, Ndiyo na Hapana. Akibonyeza Ndiyo, amempokea. Akibonyeza Hapana, anaendelea kutafutwa. Pa kusema amekufa hapakuwepo. Alimpigia Fortunatus, mmoja wa wale vijana waliotengeneza tovuti. Fortunatus akasema kweli, hilo hawakuliwaza, aliandike kwenye ripoti, wiki ijayo wataongeza kitufe.

Simu haijapoa mkononi, ikaita. Alikuwa Doreen.

"Mama," alinong'ona, "kaka yuko mlangoni."

"Usifungue."

"Sijafungua."

Bibi Mwamina alimshika kifundo cha mkono wenye simu, akamwambia aseme, aseme sasa hivi kwamba alimzika, na Dorotea alijua ni kweli, maana alimwosha kwa mikono yake na kumfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, lakini miezi minne alikuwa amemwomba Mungu asubuhi na jioni amwone hata mara moja, hata kwa mbali, na badala ya kusema aliloambiwa akajisikia akiuliza, "Anafananaje?"

"Ni yeye. Nimemchungulia dirishani. Ila anaongea taratibu, kama anajifunza." Doreen alivuta pumzi. "Anasema wewe ndiye uliyemtafuta. Anataka jibu lako."

"Mwanangu, sema," alisema Bibi Mwamina.

Dorotea alifungua mdomo. "Doreen, kaka yako tulimzika," alisema, akalisema lote, polepole, bila kukosea neno, na wakati mdomo ukisema hivyo mkono wake wa pili, usioshikwa, ulikwenda kwenye mausi wenyewe, kama mkono wa mama unavyokwenda kwa mtoto anayeanguka, ukabonyeza Ndiyo.

Kwenye simu, komeo la mlango wa nyumba yake lilisikika likivutwa taratibu hadi mwisho.

"Mama," alisema Doreen, kwa sauti ndogo sana, "wanaingia wengi."