Mpangaji wa Banda la Kufulia

Mlango wa mama yake Mchoraji ulianza kukutwa wazi saa sita mchana. Haukuvunjwa, wala haukusukumwa na upepo. Komeo lilifunguliwa taratibu, na sakafuni zikabaki nyayo za maji zinazoingia ndani. Za kutoka hazikuwepo.

"Labda ni watoto wa ghorofa ya tatu," Mchoraji alisema alipopigiwa simu.

"Watoto gani wenye unyayo mrefu kama mkono wangu?" mama aliuliza. "Nilikwambia, mwanangu. Ukaona nakuaibisha."

Ni kweli alimwambia, tena mbele za watu. Mchoraji alizaliwa na kukulia katika nyumba hizo za serikali, majengo manne ya ghorofa yaliyozunguka uwanja mmoja wa vumbi, na siku alipopewa kazi ya kuuchora upya alijiona analipa fadhila. Angeleta mabenchi, vivuli, na mahali pa watoto kuchezea. Kilichomkera ni banda la kufulia lililosimama katikati, kuta nne na mlango wa bati, ndani makaro sita ya saruji. Wakazi walikuwa na mazoea yao pale. Kila aliyefika na beseni alipiga hodi, hata banda likiwa tupu, akasubiri kidogo ndipo akaingia. Na kwenye karo la mwisho hakufua mtu.

Kwenye mkutano alibandika ramani ukutani, akauliza nani ana pingamizi. Wanawake wakatazamana. Nani angethubutu kutaja jini mbele ya maofisa wenye tai? Ni mama yake tu aliyeinuka.

"Pale pana mwenyewe," alisema. "Aombwe kwanza."

"Kama ni mpangaji, alete mkataba wake," Mchoraji akajibu, na maofisa wakacheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi.

Kwenye taarifa akaandika: hakuna pingamizi. Banda likavunjwa kwa asubuhi moja. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila wa Mchoraji uliponza kichwa cha mama yake.

Alikwenda kumwona Jumamosi, jua likiwa utosini. Uwanja ulikuwa umependeza kweli kweli, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa na joto lote lile. Mama alikuwa peke yake kwenye benchi, pale pale lilipokuwa karo la mwisho, na gauni lake lilichuruzika maji.

"Mama, umelowa nini?"

Mchoraji alipomkaribia akasikia harufu ya majivu mabichi na nywele zilizoungua, kisha mlio wa nguo nzito ikipigwa juu ya jiwe, pwaa, pwaa, ukitoka kila upande na usitoke popote, ukija karibu kila alipovuta pumzi, hadi akagundua kwamba midomo ya mama yake ilikuwa inacheza kwa kuufuata mlio ule, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya mwanamke.

"Nilikuwa na mlango wangu, nikaiheshimu yenu. Umeuondoa. Sasa nani anidai hodi?"

Mchoraji alikimbia. Hakuona haya, hata wewe ungekimbia. Lakini alikimbilia msaada, kwa mganga wa jengo la pili, mama mmoja wa makamo aliyeshona sare za shule wiki nzima na kushughulika na majini akipata nafasi. Mganga alikuja na futi yake ya kitambaa ikiwa bado shingoni.

"Nyamaza, niachie mimi niongee," alimnong'oneza Mchoraji. "Hawa wanataka masharti yote yatajwe, moja moja, kabla ya kupeana ahadi." Kisha akamgeukia mama. "Mkubwa wangu, tumekosa. Tutakujengea banda jingine."

"La huruma? Silitaki. Nimechekwa mbele ya watu. Aliyenicheka akose pa kulala, ajue utamu wake."

Shingo ya mama ilianza kugeuka polepole, ikapita pale inapopaswa kuishia. Mchoraji aliona mishipa ikitutumka. Alikuwa na nyumba yake, aliyoijenga miaka saba, tofali kwa tofali, na ndiyo kwanza rangi ilikuwa imekauka.

"Chukua nyumba yangu!" akapiga kelele. "Chukua na vilivyomo, vyote vyako!"

"We mtoto, subiri!" mganga alimziba mdomo. "Hatujamtaja mama yako!"

Lakini jini lilishacheka. "Nimekubali," lilisema, na mlio ukakatika.

Mama akaanguka kifuani pa binti yake. Akafumbua macho, akaomba chai. Mchoraji alilia kwa furaha kama mtoto mdogo, na hakutaka kumsikiliza mganga aliyeondoka akitikisa kichwa.

Wakaishi pamoja kwa mama siku nane. Mama alikuwa mzima, mpole kuliko zamani. Hakumsimanga kwa lolote, na yeye zamani alikuwa hodari wa kusimanga. Siku ya tisa Mchoraji alihitaji vyeti vyake vilivyobaki kwenye nyumba aliyoitoa.

"Usiende peke yako," mama alisema. "Nitakusubiri getini."

Ilikuwa mchana mweupe. Mchoraji aliingiza ufunguo kwenye kitasa, na kabla hajauzungusha akasikia kitu kikijikokota hadi nyuma ya mlango.

"Mwanangu, ni wewe?" Sauti ilikuwa imekauka. "Ulipompa nyumba alinibeba nami. Humu hakuna mwanga. Umechelewa nini, wewe niliyekubeba mgongoni hadi hospitali ulipovunjika mguu, mvua ikitunyeshea, hatuna hata nauli?"

Mchoraji aliweka kiganja mlangoni. Safari ile walikuwa wawili tu, na hakuwahi kumsimulia mtu.

"Mama," alinong'ona, "mama, basi huyu niliyenaye..."

"Usigeuke," sauti ilisema.

Nyuma yake geti lilifungwa, komeo likaingia mahali pake.

"Unaongea na nani, mwanangu?" mama aliuliza kwa upole, akija.