Kitufe cha Mama

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa na kelele zake. Birika linachemka, redio inasoma habari, na Cheche anatafuta soksi huku analaumu kila mtu. Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alilipata kwa kazi yake, na pia kwa hasira zake. Dada yake mkubwa, Mshonaji, naye hakuwa nyuma kwa hasira. Wamezaliwa tumbo moja hao.

Mama yao aliishi nao. Zamani alikuwa mpishi wa shule. Sasa macho yake yalikuwa hafifu, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi, akishakunywa chai na mkate, alitakiwa kumeza kidonge kimoja. Kimoja tu. Lakini nani ampe? Hawakuwahi kukaa wakapanga. Aliyekumbuka ndiye aliyempa, na aliyetoka hakumwambia aliyebaki.

Siku moja Mshonaji alimpa mama kidonge, akakimbilia kwenye cherehani yake. Cheche akatoka kuoga. Akaona pakiti ya dawa mezani. Akampa mama kidonge kingine.

Kabla ya adhuhuri mama alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka. Kikombe kikamponyoka, kikavunjika. Jirani wa mlango wa pili alisikia, akaingia mbio. Jirani huyu ni mkutubi wa maktaba ya mtaa, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Mama alikuwa bado anaweza kumeza, kwa hiyo Mkutubi akamnywesha maji ya sukari. Kisha akachukua pakiti ya dawa, akatafuta gari, wakaenda kituo cha afya, na Mshonaji na Cheche wakaitwa huko.

Muuguzi alihesabu vidonge vilivyobaki, wala hakuwabembeleza. "Mmempa mara mbili! Sukari imeshuka sana. Mnajua mngempoteza?"

"Si mimi," alisema Mshonaji.

"Wala mimi," alisema Cheche.

"Basi aliyempa ni paka," alisema muuguzi. "Sikilizeni. Mkiwa hamna uhakika kama amemeza, msiongeze. Pigeni simu hapa, muulize kwanza."

Nyumbani moto uliwaka upya.

"Wewe hujui kuuliza?" Mshonaji alifoka. "Unaona dawa mezani, unampa tu!"

"Na wewe hujui kusema? Unatoka kama unafukuzwa! Tena mama mwenyewe alinung'unika kidogo tu, halafu akameza."

"Alinung'unika nini?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nimechelewa kazini!"

Mama alikuwa amelala kitandani, mlango wazi. Alisikia kila neno. Hakuna aliyemgeukia.

Mkutubi alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakuta wanatupiana maneno. Alivumilia kidogo, kisha akagonga meza. "Basi! Mtaa mzima umeshasikia. Kila mmoja wenu ana simu mkononi kutwa. Kwa nini msitengeneze programu ya kuwaambia kama dawa imeshamezwa?"

Mshonaji alicheka kwa uchungu. "Jirani, usinitanie. Mimi nashona. Mambo ya kompyuta ni ya wenye vyuo."

"Unakata gauni bila kuchora kwanza?"

"Hapana. Nachora, nakata, naunga vipande."

"Basi njoo Jumamosi maktaba. Ni vipande vilevile."

Jumamosi alikwenda, amenuna. Mkutubi alimfungulia jukwaa la kutengenezea programu. Lilikuwa la bure. Upande mmoja wa skrini palikuwa na vipande vya rangi. Kila kipande kilikuwa na agizo moja, limeandikwa kwa maneno ya kawaida. Mshonaji alikishika kipande kwa kidole, akakiburuta, akakiunga na kingine. Kitufe kikibonyezwa, kigeuke kijani. Kikigeuka kijani, simu ya pili nayo ioneshe kijani. Hiyo ndiyo ilikuwa programu yake ya kwanza. Jioni alirudi nyumbani anapiga miluzi.

"Kitufe kikiwa chekundu, mama hajameza," alimweleza Cheche. "Ukimpa, bonyeza. Kikiwa kijani, usimguse."

"Msianze na dawa," alionya Mkutubi, aliyekuwa amemsindikiza. "Programu mpya hujaribiwa kwanza. Tumieni punje za maharage. Dawa yenyewe ampe Mshonaji peke yake mpaka tuwe na uhakika."

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Cheche aliweka punje ya maharage mkononi mwa mama, akabonyeza. Kule kwenye cherehani simu ya Mshonaji ikawa kijani. Wakapongezana.

Kesho yake Mshonaji alifungua simu. Kijani. Akajua Cheche ameshatoa punje. Cheche akafungua simu yake. Kijani. Akajua dada ameshatoa. Jioni walimkuta mama amekaa, kiganja wazi.

"Leo mgonjwa wenu hajapata maharage," alisema.

Loo! Ingekuwa dawa, mama angekosa dozi, na wao wangelala wakiamini kijani.

"Nilijua!" Cheche alipiga kelele. "Chuma nikiunga hakiachii. Hivyo vipande vyako ni vya kuchezea watoto!"

Jukwaa lile lilikuwa na baraza mtandaoni, mahali ambapo watengenezaji huulizana na kusaidiana. Mshonaji aliingia barazani, akaandika kwa hasira: "Jukwaa lenu ni takataka. Halifanyi kazi. Mtaua watu." Akasubiri. Hakuna aliyejibu, isipokuwa mtu mmoja aliyejiita Mfuga Nyuki. Naye aliandika maneno machache: "Pole. Halifanyi kazi vipi?"

"Umeona dharau hii?" Mshonaji alimwonesha Mkutubi.

Mkutubi alisoma, na yeye akakasirika, lakini si na Mfuga Nyuki. "Dharau ni yako. Watu hawa hawalipwi. Wanakusaidia kwa moyo wao. Mteja akija kwako akasema 'nguo yako takataka', utajua pa kurekebisha?"

"Nitamfukuza."

"Wao hata hawajakufukuza. Mteja mzuri anasemaje?"

Mshonaji alivuta pumzi. "Anasema inabana begani. Anaivaa nione."

"Basi wavishe nao waone. Waambie ulitaka nini. Waambie ulifanya nini, na kikatokea nini. Halafu piga picha ya vipande vyako, uiweke hapo."

Kuomba radhi kulimchoma, lakini alianza na hilo. Kisha akaeleza yote: mama, vidonge, watoto wawili, simu mbili, kitufe kilichobaki kijani mpaka kesho yake. Akaweka na picha.

Majibu yalianza kuingia kabla chai haijapoa. Mfuga Nyuki ndiye aliyeona kasoro. "Programu yako inakumbuka rangi, haikumbuki siku," aliandika. "Kitufe kikibonyezwa, hifadhi na tarehe. Programu ikifunguliwa, ilinganishe tarehe hiyo na ya leo. Zikitofautiana, kitufe kirudi chekundu." Akachora vipande vinavyohitajika. Mtu mwingine akamkumbusha aijaribu tena kwa siku kadhaa. Mshonaji aliunga vipande, Mkutubi akikagua.

Chini kabisa Mfuga Nyuki alikuwa ameongeza swali. Mshonaji alilisoma kwa sauti mbele ya mama na Cheche, bila kufikiri: "Mbona kitufe kiko kwenye simu zenu tu? Anayemeza dawa ni nani?"

Mama akaweka kikombe chini.

"Huyo mtu simjui," alisema, "lakini ndiye wa kwanza kuuliza."

"Mama, sisi tuliogopa utasahau," alisema Cheche.

"Nisahau?" Mama alisimama. Sauti yake ilijaa nyumba, ileile iliyokuwa ikituliza foleni ya wanafunzi wenye njaa. "Nimepika chakula cha shule nzima. Sijawahi kutia chumvi mara mbili! Siku ile nilikwambia, Cheche. Nilisema, 'Mwanangu, dada yako ameshanipa.' Ukanijibu, 'Mama, umesahau, meza tu.' Nikameza, kwa sababu nilichoka kubishana na mtu asiyenisikia. Mimi ni mgonjwa wa sukari. Si mgonjwa wa akili!"

Cheche aliinama, akashika miguu ya mama yake. Mshonaji naye alilia, kwa hasira ya kujikasirikia. Siku zote zile walikuwa wamegombana kuhusu mama mbele ya mama, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Acheni machozi," alisema mama. "Nipeni hicho kitufe."

Wakamtengenezea chake, kwenye simu yake mwenyewe. Mshonaji alikikuza mpaka kikajaa skrini nzima, kwa ajili ya macho yake. Barazani wakamwonesha kipande cha kurekodi sauti, ili simu iseme badala ya kuonesha rangi tu. Wakajaribu kwa maharage tena, siku baada ya siku, mpaka mama akasema hataki kuona punje nyingine maishani mwake. Muuguzi aliikagua programu, akakubali, ila akasisitiza: wakiwa na shaka, wapige simu kituoni.

Siku hizi mama anakunywa chai yake, anameza kidonge chake mwenyewe, anabonyeza. Vipimo vyake vimetulia. Mshonaji huingia barazani kila wiki, na mgeni akiandika "haifanyi kazi", yeye humjibu: "Pole. Haifanyi kazi vipi?"

Na kila asubuhi, kwenye karakana katikati ya cheche za moto, na kwenye cherehani mbele ya wateja, simu mbili hupaza sauti ya mama kwa pamoja:

"Nimemeza. Na safari hii mnisikie!"