Godoro la Ukuta

Soko la Shinyanga siku ya Jumamosi halina pa kuweka mguu. Mwasiti alikuwa akijipenyeza kati ya magunia ya choroko na matenga ya kuku, gauni lake la maua ya kijani limebana kiunoni, viatu vya raizoni vikimwongezea urefu ambao Mungu hakumpa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Ndiyo maana hakuliona robota la pamba lililopakiwa vibaya juu ya mkokoteni, mpaka lilipoanguka na kupasuka mbele yake.

"Samahani dada! Ee, samahani sana!" Kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma alitupa kamba akamkimbilia.

Mwasiti alijitazama. Pamba ilikuwa imemjaa kichwani, mabegani, hadi kwenye kope.

"Umenifanya kuku wa kizungu," alisema.

"Kuku wa kizungu mzuri hivi hajapata kufika soko hili."

"Maneno yako yaweke mfukoni. Niambie, hii pamba inazuia kelele?"

"Kelele za nani?"

"Za majirani."

"Inategemea. Ukiwaziba nayo mdomoni, inazuia kabisa."

Mwasiti hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kijana akajitambulisha. Aliitwa Muhidini, mshona magodoro. Baba yake alitoka Ujiji, mama yake Msukuma wa Shinyanga papo hapo.

"Basi nishonee godoro," Mwasiti alisema. "Godoro la ukuta."

"Ukuta utalala?"

"Ukilala ukuta, na mimi nitalala."

Mwasiti alikuwa opereta wa simu pale posta. Alikuwa amehamia kutoka Tanga, akapewa fleti kwenye nyumba ya ghorofa karibu na stesheni. Fleti ile zamani ilikuwa kubwa. Baadaye iligawanywa mbili kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande wa pili waliishi wazee wawili, Mzee Eustace na mkewe Bi Mbuke. Tangu asubuhi walifokeana kwa Kisukuma, lugha ambayo Mwasiti hakujua hata neno zaidi ya salamu. Mzee alinguruma, bibi akajibu kwa sauti ya juu, mzee akanguruma zaidi. Mwasiti, aliyerudi kutoka zamu ya usiku akiwa hoi, alijifunika mto kichwani akingoja kusikia sahani ikipasuka.

Sahani ndizo zilizomaliza ndoa yake kule Tanga. Akida, mumewe wa kwanza, alianza na kufoka, akaendelea na sahani. Siku alipoona mkono wa Akida unatafuta kitu kingine cha kurusha, Mwasiti alidai talaka yake, kisha akaomba uhamisho wa mbali.

Jumamosi iliyofuata Muhidini alipanda ngazi akiwa na nyundo, fito za mbao na magunia. Wazee walikuwa wamekwenda shambani, nyumba ilikuwa shwari. Aligongelea fito ukutani, akatandaza magunia, akashindilia pamba kavu katikati na kuifunika kwa kitambaa cheupe cha marekani. Kwenye nyufa za juu alichomeka pamba kwa ncha ya bisibisi, polepole, kama mama anayemsafisha mtoto masikio.

Alipofika nusu ya ukuta akajifuta jasho. "Pamba imekwisha, dada. Itabidi nirudi."

Mwasiti aliliona robota zima limeegemezwa mlangoni. Akaenda kumpikia chai.

Muhidini alirudi, akarudi tena, na kila safari kulikuwa na kitu kimepungua, leo misumari, kesho uzi. Alimwonjesha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyopika mama yake. Mwasiti akampikia wali wa nazi, na nazi Shinyanga ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Zamu yake ilipobadilika ikawa ya mchana, Muhidini akazoea kupiga simu kutoka duka la jirani.

"Shinyanga hapa. Unataka namba gani?"

"Nipe Isaka."

"Isaka ngapi?"

"Yoyote. Nilitaka sauti tu."

"Wewe! Msimamizi wangu yuko hapa."

"Basi sema 'subiri kidogo,' unavyosemaga. Nisikie halafu nikate."

"Subiri kidogo," Mwasiti alisema, na wenzake wakamwona akitabasamu mbele ya ubao wa nyaya.

Jioni moja ya katikati ya wiki alikuja bila nyundo. Alivaa suruali ya bugaluu iliyopigwa pasi na shati jeupe, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa kwanza.

"Mwasiti, mimi ni mtu wa pamba, sina maneno magumu. Nataka kukuoa. Ukinikubalia, nitamtuma mjomba wangu kwa wazazi wako Tanga."

Moyo wa Mwasiti ulipaa. Kabla hajafungua kinywa, upande wa pili mzee akanguruma. Bi Mbuke akajibu kwa ukali. Mzee akapaza sauti hadi vikombe vikatetemeka kabatini.

"Unasikia?" Mwasiti alisema, uso umebadilika. "Hiyo ndiyo ndoa, Muhidini. Kila siku naisikia kwa masikio yangu. Wamezeeka pamoja, na hivyo ndivyo walivyo."

Muhidini alitega sikio. Kisha akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mwasiti akasimama. Akida naye alikuwa akicheka, baada ya kila sahani.

"Toka."

"Hapana, mpenzi, sikiliza kwanza wanachosema..."

"Nimesikiliza vya kutosha! Mimi nakufungulia moyo wangu, wewe unacheka. Toka, Muhidini."

Alitoka. Naye alikuwa na kiburi chake, hakugeuka nyuma. Kesho yake alipiga simu posta.

"Shinyanga hapa. Namba gani?"

"Mwasiti, ni mimi."

"Namba gani?"

"Sitaki namba. Nataka dakika moja tu."

"Huduma hiyo hatuna, bwana." Akachomoa waya.

Muhidini hakupiga tena. Msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa, akaenda Mhunze kutafuta pamba ya kushonea.

Mwasiti aliumaliza ukuta mwenyewe. Alishindilia pamba iliyobaki kwa hasira, akajigonga kidole kwa nyundo, akashona marekani kwa sindano ya magunia. Alipofunga fundo la mwisho, ngurumo za mzee ziligeuka mnong'ono wa mbali, kama lori lililo barabara nyingine. Alikuwa amepata alichokitaka. Akajilaza. Usingizi haukuja.

Asubuhi moja alimkuta Bi Mbuke kwenye bomba la uani, ndoo imejaa na mgongo unamsumbua.

"Shikamoo, bibi. Niachie nikubebee."

"Marahaba, mwanangu. Wabeja, asante." Bibi alimtazama kwa makini. "Siku hizi hugongigongi ukuta. Yule kijana kaenda wapi?"

"Yuko Mhunze, nasikia." Mwasiti aliinamisha kichwa, kisha maneno yakamponyoka. "Bibi, unavumiliaje? Mzee anakufokea tangu jua linachomoza."

"Ananifokea?" Bi Mbuke alishangaa kweli. "Nani kakuambia? Mzee hasikii! Masikio yake yalibaki Geita, kwenye dhahabu. Alikuwa mtu wa baruti, analipua mawe. Yeye mwenyewe sauti yake haisikii, ndiyo maana anaitoa yote."

"Na wewe?"

"Na mimi nisipopiga kelele atanisikiaje?"

Mwasiti aliitua ndoo chini. "Sasa kila siku mnasema nini?"

"Tunasema nini? Ananiuliza nimekula? Namwambia nimekula. Ananiambia mwongo wewe, njoo ule. Ananiuliza mgongo umeamkaje. Namwambia avae sweta." Bibi alicheka, akaonyesha fizi zenye meno machache. "Tumezeeka, mwanangu. Hatuna jipya la kugombania."

Mwasiti aliibeba ndoo ile hadi juu bila kuhisi uzito wake. Mchana, akiwa zamu, alichomeka waya wa Mhunze. Ghala la chama cha ushirika lilikuwa na simu, na karani akaipokea.

"Posta Shinyanga hapa. Mtafute Muhidini wa magodoro. Ni simu ya haraka."

Alisubiri. Alisikia watu wakiitana, mizani ikigonga, kisha hatua za mtu anayekimbia.

"Haloo! Haloo! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekosea."

Muhidini alikuwa akihema. "Umekosea namba?"

"Nimekosea mtu. Nilikudhania mwingine, wa zamani. Nisamehe."

Laini ilikwaruza. Mwasiti akadhani imekatika.

"Muhidini?"

"Nipo. Nilikuwa nakaa chini."

"Bi Mbuke ameniambia. Siku ile ulicheka nini?"

"Mzee alikuwa anamlazimisha ale figo. Bibi akasema haina maana, meno ya kutafunia hana. Mzee akamwambia, basi lete nikutafunie." Akacheka kidogo, kwa woga. "Niliwaza nami nikizeeka nikutafunie figo, Mwasiti. Kicheko kikanishinda."

Wenzake walimwona akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Rudi," alisema.

Alirudi Ijumaa baada ya swala, amenyoa, amevaa shati jeupe. Mwasiti alimpokea mlangoni, hawakusema mengi. Walikaa chini mbele ya ukuta ule mweupe. Muhidini akafumua mshono wa pembeni, akatoa pamba kiganja kimoja, kisha kingine. Sauti zikaingia.

"Wanasema nini?" Mwasiti alinong'ona.

Muhidini alijikuna kidevu.

"Tafsiri!"

"Mzee anauliza kama yule kijana wa pamba amerudi. Bibi anasema amerudi, amemwona akipanda ngazi."

"Ehe?"

"Mzee anasema aoe basi. Anangoja nini, pamba iote ukutani?"

"Hilo la kuota umeliongeza wewe."

"Wallahi sijaongeza! Sasa Bi Mbuke anasema..." Akasita. "Anasema kijana ameshaposa. Jibu ndilo halijatoka."

Mwasiti alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye ule mwanya.

"Bi Mbuke! Mwambie mzee nimekubali!"

Upande wa pili Bi Mbuke akapaza sauti. Mzee akauliza kitu. Bi Mbuke akarudia, kwa nguvu zaidi. Mzee akauliza tena, na bibi akatoa sauti yote aliyokuwa nayo, hadi uani chini mtu mmoja akapiga kigelegele na mwingine akadakia.

"Mtaa mzima umeshajua," Muhidini alisema, pamba bado iko mkononi. "Mimi mwenyewe hujaniambia."

Mwasiti akamvuta karibu, akamwambia sikioni.