Brashi ya Ratih

Walikutana kwenye foleni ya batagor, vitafunio vya samaki vya kukaanga, pale njia panda ya Simpang Dago, Ratih alipogeuka ghafla na kummwagia mchuzi wa karanga kijana aliyevaa shati jeupe pee.

"Teh, umenichora," alisema kijana huyo, Galuh, akimwita dada kwa lugha ya kwao.

"Shati jeupe kwenye foleni hii, Kang? Umejitakia," alijibu Ratih, naye akimwita kaka.

Jumatatu wakakutana tena: Galuh ndiye mwandishi mpya wa programu ofisini kwake. Mvua zilipoanza walikuwa wanatembea chini ya mwavuli mmoja, na Ratih alimpenda kwelikweli wala hakuficha.

Kisha zikawagombanisha programu-jalizi, vile vipande ambavyo watu wa nje hutunga na kuvichomeka kwenye programu yao ya kuchorea batiki. Ratih alitaka vikae ndani ya programu yenyewe, viende kasi. Galuh, mbele ya bosi, akasema kila kimoja kitengwe pembeni, maana kimoja kibovu kikianguka kitaangusha kila kitu. Bosi angeamua Ijumaa. Kazi ya Ratih ya miaka miwili, na mpenzi wake ndiye wa kwanza kuipiga teke.

Siku nzima hakupokea simu zake. Usiku akapokea.

"Mpenzi, nimepima. Tofauti ya kasi haionekani."

"Umepimia nini?"

"Kipanya."

"Wachoraji wetu wanachora kwa kalamu juu ya kioo, bwana wewe. Njoo ushike kalamu kwanza, halafu ndiyo ukanisemee kwa bosi."

Alikuja mezani kwa Ratih Ijumaa asubuhi, kabla bosi hajaamua. Ratih, ndani ya blauzi ya kebaya ya kijani iliyomkaa vilivyo, hakumkaribisha hata kiti. Akafungua programu iliyopangwa kama alivyotaka Galuh, vipande vyote vikiwa vimetengwa pembeni. Galuh akachora kwa brashi moja, programu-jalizi ya watu wa nje. Mstari ukaufuata mkono kwa kujikokota.

"Sasa mpango wangu," akasema Ratih.

Brashi ileile, na safari hii wino haukubanduka kwenye ncha ya kalamu. Galuh akainamia kioo, akaandika kitu, uso umemwiva. Mara programu ikajizima.

"Umeona?" Galuh akasema taratibu. "Imeanguka."

"Na itaanguka tena. Siombi radhi." Ratih akaifungua upya. "Lakini kila mstari unahifadhiwa palepale unapochorwa. Haya, niambie kilichopotea."

Hakikupotea kitu. Maneno yalirudi kwenye kioo kwa mwandiko mbovu wa Galuh: Teh Ratih, nikuoe?

Ratih akayasoma mara mbili. Alikuwa bado na hasira naye, na alimpenda, vyote kwa pamoja. Akamnyang'anya kalamu, akaandika chini yake:

Ndiyo. Ila kwanza nenda kamwambie bosi ulipimia kipanya.