Benki Imepata Hasara, Ada ya Binti Je?

Cherehani ikishika mwendo, mimi huondoka. Mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, lakini akili imeenda zake. Jioni ile mvua ilinong'ona juu ya bati. Nikamwona binti yetu, kifungamimba wetu, amevaa gauni jeupe la uuguzi, anapita polepole kwenye varanda isiyo na mwisho. Raha iliyoje!

"Mke wangu, tumekwisha!"

Ndoto ikakatika. Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, alisimama mlangoni akichuruzika maji.

"Benki yetu ya mkoa imepata hasara. Mafuriko yamezoa mashamba, wakulima hawawezi kulipa mikopo. Kesho tunatoa hela zote!"

Nilisimamisha cherehani. Hela zile zilikuwa ada ya chuo ya binti. Tuliziweka kwa mkataba wa mwaka mmoja, na ilibaki miezi miwili. Ukivunja mkataba, faida yote inapotea. Bila faida ile ada haitimii, na chuo hakimpokei.

Mteja wangu, aliyeketi kando ya cherehani, akacheka kidogo. Alikuwa karani wa benki hiyohiyo, mjamzito wa miezi sita, amekuja nimpanulie sketi ya sare niliyomshonea.

"Shemeji, kaa kwanza ukauke."

"Nikauke nini, na mwizi wetu mwenyewe ndiye wewe!"

"Haya, mwizi anaeleza." Akashika sketi niliyokuwa nimeifumua, akaonyesha kitambaa kilichokunjwa ndani ya mshono. "Ofisi ilitaka vidole viwili viachwe humu. Dada hapa aliacha vinne. Leo nimenenepa, na sketi bado ni yangu. Benki nayo ina kitu kama hiki."

"Benki ina mshono?"

"Ina mtaji. Hizo ni hela za wenye benki. Mikopo ikiharibika, hasara inakula mtaji wao kwanza, kabla ya kugusa akiba yenu. Sheria inaweka kiwango cha chini. Tuseme kwa kila mia tuliyokopesha, mtaji usipungue kumi na mbili. Sisi tulikuwa na kumi na tisa."

"Saba zimezidi," mume wangu alidakia. Kwenye hesabu humpigi chenga.

"Huo ndio mtaji wa ziada. Mafuriko yamekula nne. Tumebaki na kumi na tano, bado tuko juu ya kiwango."

"Sasa kama zimezidi, kwa nini zilale tu sandukuni? Mngetupunguzia makato!"

"Hazimo sandukuni, shemeji. Zinafanya kazi pamoja na hela nyingine za benki. Wenye benki nao wanazimezea mate kila mwaka, wanataka wagawane. Wangezigawana zote, leo tungekuwa chini ya kiwango, na serikali ingetubana."

"Kwa hiyo benki haianguki?"

"Sijasema hivyo. Benki yoyote inaweza kuanguka. Usiniamini mimi. Kila miezi mitatu tunabandika taarifa ukutani. Tafuta mstari wa mtaji, ulinganishe na kiwango cha sheria. Ukiona unapungua kila mara, uliza bila aibu."

Asubuhi mume wangu alikwenda na kitabu cha benki mfukoni. Nilijaribu kushona, nikavunja sindano mbili. Akili haikutaka kwenda popote.

Alirudi saa sita.

"Ni kweli, kumi na tano," alisema. "Nimesoma mara tatu, mpaka mlinzi akadhani napanga wizi. Hela nimeziacha."

Miezi miwili ikapita. Mkataba uliisha, faida ikaingia, ada ikatimia. Siku ya safari ya chuo, kwenye kituo cha basi, binti alimuuliza baba yake, "Baba, ulijuaje kwamba hela ziko salama?"

"Sikuwa na hakika, mwanangu. Nilisoma, nikaogopa, nikaziacha."

Basi likaondoka. Yule mwanamume mzima akalia kama mtoto, nami nikalia naye.